Nani Kasema Simbamwene Hafai Riwaya ya Mapenzi?

Katika mazungumzo ya fasihi ya Kiswahili kuna jambo linalosemwa kwa uhakika mkubwa na kupingwa mara chache: kwamba riwaya ya mapenzi ya kihistoria, ile inayomhusu bwana na bibi wa nyumba ya utawala, si kazi yetu. Tunaambiwa kuwa hiyo ni mali ya Uingereza, nchi yenye makabaila wa vyeo vya kurithi, makasri ya mawe na dansi za usiku kucha. Kwamba Mwafrika aliyeishi chini ya mtemi au mwene alikuwa na shida za mvua, njaa na vita, hakuwa na nafasi ya mahaba ya ikulu. Na kwamba mwandishi wa leo akimvika mtawala wa jadi mapenzi, anaufufua umwinyi ambao taifa limekwisha kuuzika. Msimamo huu haukuzuka tu. Mwaka 1963 Tanganyika ilifuta vyeo vya machifu kwa sheria. Miaka minne baadaye likaja Azimio la Arusha, na kizazi kizima cha wahakiki kikajifunza kukiuliza kila kitabu kiko upande wa nani, mnyonyaji au mnyonywaji. Ni swali zuri, na limezaa vitabu vizuri. Kasri ya Mwinyi Fuad ya Adam Shafi, iliyotoka mwaka 1978, inalitazama jumba la bwana shamba wa Unguja kwa macho ya wanaolitumikia. Lakini swali likijibiwa kwa mazoea kwa nusu karne hugeuka amri, na amri hii sasa inawafukuza waandishi kwenye sehemu pana ya historia yetu wenyewe.

Anayedhani kwamba wasomaji na watazamaji wameikubali amri hiyo aitazame Kihonda. Upande huu wa Manispaa ya Morogoro, wenye viwanda, nyumba za kupanga, na sasa stesheni ya treni ya SGR, si mahali pa kutafutia mabaki ya makabaila. Hata hivyo, Azam TV ilipoirusha tamthilia ya Kituruki ya Sultan kwa sauti za Kiswahili, watu wa mitaa kama hii waliifuatilia kama wanaofuatilia kesi ya jirani. Walimjua Suleiman, mtawala wa karne ya 16. Walimjua zaidi Hurrem, aliyeingia katika jumba la Istanbul akiwa mtumwa na kuishia kuwa mke wa ndoa wa mtawala wa dola. Hawakuhitaji mhakiki awaeleze kwamba katika nyumba ya namna ile kitanda na kiti cha enzi havitengani, na kwamba mwanamke akishika mimba, mawaziri hukosa usingizi. Kwa hiyo ule usemi kwamba hadhira yetu haina haja na hadithi za wapenzi wa ikulu umekwisha kupitwa. Haja ipo. Kinachokosekana ni ikulu ya kwetu, na hapa ndipo lawama inapowarudia wenye amri: kijana wa Kihonda anaweza kukutajia maadui wote wa Hurrem, lakini hajui kwamba bonde la Ngerengere lililo karibu naye liliwahi kutawaliwa na mwanamke kutoka ndani ya mji wenye ukuta wa mawe.

Tena hatuwezi kusema kwamba fasihi ya Kiswahili haijazoea mume na mke wa kifalme. Shaaban Robert alituandikia Kufikirika, na kiini cha kitabu hicho ni mfalme na malkia waliokosa mtoto, huku nchi nzima ikihangaika kwa sababu ya utasa wa nyumba moja. Kitabu hicho kimefundishwa katika shule zetu za sekondari bila mtu kulia kwamba umwinyi umerudi. Kwa nini? Kwa sababu Kufikirika haipo kwenye ramani. Tumekubali mfalme ampende malkia wake mradi nchi yao iwe ya kubuni. Akihamishiwa mahali penye jina, penye mto unaojulikana na wajukuu wanaoishi, tunaona haya. Hofu yetu basi haimhusu mfalme. Inahusu historia, na hofu ya historia ni sababu dhaifu sana ya kukataa aina nzima ya uandishi.

Tuangalie sasa kesi yenyewe. Henry Morton Stanley, akielekea bara mwaka 1871 kumtafuta Livingstone, alifika chini ya milima ya Uluguru katika mji ulioitwa Simbamwene. Alikadiria kuwa una nyumba kama 1,000 na watu wasiopungua 3,000. Ulikuwa na ukuta, minara ya mawe pembeni, malango manne na milango ya mbao ngumu iliyonakshiwa kwa ufundi wa Kiarabu. Mji huo ulijengwa na Kisabengo, ambaye Burton na Speke walipopita upande huu mwaka 1857 jina lake lilikuwa tayari likitajwa kwa hofu. Kwa maelezo ya Stanley, Kisabengo alitoka katika ukoo duni. Mtaji wake ulikuwa nguvu za mwili, ulimi, na ucheshi uliowafanya watumwa waliotoroka wamfuate na kumchagua kuwa kiongozi. Alimkimbia Sultani wa Zanzibar, akaingia Ukami, akapigana mpaka wenyeji wakamwachia bonde lenye rutuba. Uzeeni akajiita kwa jina la mji wake, na alipokuwa anakufa akausia kwamba binti yake mkubwa ndiye amrithi, akampa na jina lile lile. Huyo ndiye Simbamwene aliyekuwa akitawala Stanley alipofika, na hakuwa pambo. Aliwatuma wajumbe wake kumdai Stanley ushuru wa njia uliokuwa ukiitwa hongo, na mgeni alipojibu kwamba msafara wake uliotangulia umekwisha kulipa, hakuridhika. Baadaye askari wa Stanley waliotumwa kumtafuta mpishi aliyepotea walikamatwa na watu wake, wakafungwa, bunduki zao zikachukuliwa, hadi Sheikh Thani, mfanyabiashara Mwarabu, alipowaombea.

Hapa hoja ya kwanza ya wapinzani, kwamba makabaila ni wa Uingereza, inaanza kuyumba, ingawa si kwa namna wanayoitarajia. Ni kweli kwamba Uluguru haikuwa na ufalme mmoja. Madaraka yaligawanywa kwa koo, na hata heshima ya Kingalu wa Kinole, ambaye leo soko kuu la Morogoro linaitwa kwa jina lake, ilitokana na mvua kuliko upanga. Utukufu wa Kisabengo ulikuwa mpya, wa maisha ya mtu mmoja, uliofumwa kwa vita, maneno na biashara ya njia ya msafara. Lakini hilo linaifanya riwaya yake iwe tajiri zaidi. Katika riwaya za Kiingereza cheo ni kitu kilichokuwepo kabla wapenzi hawajazaliwa. Kazi yao ni kukifikia au kukikimbia. Kwetu mwandishi angeweza kuonyesha cheo kikizaliwa: mtu asiye na baba wa kutajwa anageuka mwene, na mke aliyemwoa angali mtoro anajikuta mama wa nyumba inayodai kodi kwa Wazungu. Hakuna hata chembe ya kuutamani ukabaila wa kale katika kisa hicho. Ni kisa cha watu kupanda daraja, na wasomaji wa mji wa viwanda wanakielewa vizuri sana.

Kinachonivutia kuliko yote, hata hivyo, ni ule wosia. Uluguru ni nchi ya urithi wa upande wa mama. Mtoto ni wa ukoo wa mama yake, ardhi hushikwa na ukoo huo, na kwa desturi cheo cha mwanamume hakimwendei mwanawe bali mtoto wa dada yake. Wazigua, watu ambao Kisabengo alihesabiwa miongoni mwao, nao walikuwa na mazoea ya kuhesabu ukoo kwa mama. Katika miji ya pwani, ambako mtindo wa milango yake ulitoka, madaraka kwa kawaida yalikwenda kwa ndugu na wana wa kiume. Kisabengo hakufuata njia hizi. Alimpita mpwa, akampita mwana wa kiume kama alikuwa naye, akampa binti. Sasa tufikiri kama mzee wa ukoo angefikiri: binti wa Kisabengo, kwa hesabu ya mama, si wa ukoo wa Kisabengo. Ni wa ukoo wa mkewe. Kumpa mji ni kuwanyang'anya wapwa na kuwakabidhi mashemeji. Uamuzi mkubwa wa kisiasa katika bonde la Ngerengere karne ile ulipitia tumbo la mwanamke mmoja ambaye Stanley haoni haja ya kumtaja. Je, Kisabengo alimpenda mkewe kiasi hicho? Alikuwa na deni kwa ndugu za mkewe, waliompa mashamba na mikuki alipokuwa mkimbizi? Au aliwachukia watoto wa dada yake? Mwanahistoria mwaminifu atafika hapo na kuweka kalamu chini. Mwandishi wa riwaya ya mapenzi ndipo anapoichukua, kwa sababu maswali hayo ni maswali ya ndoa.

Na tusimsahau mume wa mtawala kama Simbamwene. Katika mfumo wa urithi wa mama, mwanamume aliyemwoa mwanamke wa namna hii anaishi katika mji wa mkewe, analala ndani ya malango yasiyo yake, na watoto anaowabeba mgongoni ni wa ukoo mwingine. Warithi wake mwenyewe ni watoto wa dada yake, pengine siku tatu za mwendo mlimani. Akishauri vita, ataambiwa anawatafutia wapwa zake nchi. Akinyamaza, ataitwa mume wa kufugwa. Mapenzi katika hali hiyo yana uzito ambao bwana mkubwa wa Kiingereza, mwenye shamba, jina na sheria zote upande wake, hawezi kuujua. Wanaosema kwamba tukiandika riwaya ya namna hii tutaiga Uingereza hawajafikiri jambo hili. Anayeiga ni yule atakayeleta kaka mkubwa mrithi, mahari ya bibi harusi inayotolewa na baba yake, na barua za siri chini ya mto. Atakayeanzia kwa mjomba na mpwa hana wa kumwiga.

Pingamizi zito kuliko yote ni la utumwa, na halifai kupitwa mbiombio. Stanley anamwita Kisabengo mnyang'anyi na mtekaji watu, na ingawa Stanley mwenyewe si shahidi wa kuaminiwa bila kupimwa, hakuna sababu ya kudhani kwamba mji wenye ukuta kwenye njia ya pembe na watumwa uliishi kwa kuuza mahindi tu. Mtu aliyeongoza watumwa waliotoroka akawa yeye mwenyewe chanzo cha watumwa. Je, tunaweza kuandika mapenzi ndani ya nyumba iliyojengwa kwa machozi hayo? Wapinzani husema hapana: msomaji akishawapenda wahusika, atawasamehe. Nasema hatari hiyo ipo, na ipo pia katika tamthilia ya kishujaa ambayo hatuilaumu. Tumezoea kuwasifu wapiganaji wa karne ile, nao si wote waliokuwa na mikono safi. Tofauti ni kwamba jukwaa la vita linaweza kumwonyesha shujaa akiwa uwanjani na kuacha nyumba yake nje ya pazia, wakati riwaya ya mapenzi haina pa kukimbilia. Lazima iingie ndani. Ndani kuna anayeteka maji, anayesonga ugali, anayelala mlangoni, na kila mmoja wao alifika hapo kwa njia fulani. Mke anayeletewa zawadi ya ushanga lazima siku moja ajiulize ushanga umenunuliwa kwa nini. Ebrahim Hussein alilijua jambo hili katika tamthilia yake Kinjeketile ya mwaka 1969, pale alipompa Bibi Kitunda nafasi ya kuzungumza njaa na hofu ya nyumbani. Vita vya Majimaji vinaeleweka vizuri zaidi kwa sababu tumepita jikoni kwanza. Riwaya itakayotuficha watumwa wa Simbamwene itakuwa mbovu. Lakini itakuwa mbovu kwa sababu mwandishi wake ni mwoga, na woga wa mwandishi haufungi aina ya uandishi.

Wapo pia wanaodai kwamba mapenzi yenyewe, yaani mtu kumchagua mtu, ni fikra iliyokuja na meli. Zamani ndoa ilikuwa mkataba wa koo na moyo haukuulizwa. Madai haya yanawadharau wazee wetu kwa kisingizio cha kuwaheshimu. Kwamba koo ziliamua ndoa haina maana kwamba walioozwa hawakuwa na mioyo. Ina maana kwamba mioyo yao ilikuwa na gharama. Tuna ushahidi wa maandishi kutoka nyumba za utawala zenyewe. Mwaka 1858 Mwana Kupona, mjane wa Bwana Mataka, mtawala wa Siyu aliyewapinga masultani wa Zanzibar, alimtungia binti yake utenzi kuhusu maisha ya mke na mume. Sisi huusoma kama kitabu cha utiifu tu, tukisahau kwamba mtunzi ni mwanamke wa nyumba iliyokuwa vitani, mgonjwa, anayemwachia binti silaha pekee aliyonayo. Miaka minane baadaye Salme binti Said, bintimfalme wa Unguja ambaye akiwa na umri wa miaka 15 alikuwa ameshiriki uasi wa kaka yake Barghash kwa kumwandikia barua, alitoroka kwa manowari ya Kiingereza akiwa na mimba ya mfanyabiashara wa Hamburg, Heinrich Ruete. Alibatizwa na kufunga ndoa Aden mwaka 1867. Miaka mitatu baadaye mume akafa kwa ajali ya tramu, naye akabaki ugenini na watoto. Mwaka 1886 alichapisha kumbukumbu zake kwa Kijerumani. Na nani ameigeuza hadithi hiyo kuwa riwaya ya mapenzi ya kihistoria? Mjerumani, Nicole C. Vosseler, mwaka 2010, kwa wasomaji wa Kijerumani. Sisi tulikuwa bado tunajadili kama inafaa.

Kukataa kwetu kuandika hakuzuii hadithi zisisimuliwe. Kunaziacha mikononi mwa yeyote. Mfano uko Kidichi, Unguja, kwenye hamamu zilizojengwa mwaka 1850 na Seyyid Said kwa ajili ya mkewe Mwajemi, Shahrazad. Watalii huoneshwa nakshi za plasta na kuondoka na picha tamu ya mfalme aliyempenda mkewe. Salme, aliyekulia katika nyumba ya Seyyid Said, anatupa habari nyingine: mwanamke aliyependa farasi na kuwinda, asiyekubali kukaa kama wake wengine, ndoa iliyoishia katika talaka, na safari ya kurudi Uajemi. Habari hii ya pili ndiyo riwaya. Ile ya kwanza ni kadi ya posta, na inatamba kwa sababu waandishi makini wameona ni aibu kugusa mapenzi ya masultani.

Kuna wanaoniambia kwamba ushahidi wa Simbamwene ni haba mno: kurasa chache za msafiri aliyekasirishwa na hongo. Sawa, ni haba. Lakini haba si tupu. Tuna mji, malango, wosia, bunduki zilizotwaliwa. Tuna hata mwisho ambao mtunzi wa kubuni angeogopa kuuandika asije akaambiwa ametia chumvi: Aprili 1872, mwezi uleule kimbunga kilipong'oa mikarafuu ya Zanzibar, bonde la Ngerengere lilifurika, na Stanley aliporudi aliukuta ukuta wa mji ule mashuhuri umebomolewa na maji. Yasiyojulikana mwandishi atayabuni, na anaweza kutueleza katika ukurasa wa mwisho lipi alilikuta na lipi alilitunga. Huo ni uaminifu zaidi ya ule wa vitabu vya kiada vinavyoruka historia ya Uluguru kutoka misafara hadi Wajerumani kana kwamba katikati hapakuwa na mtu aliyeoa.

Lililobaki ni lile la wepesi, kwamba riwaya ya mapenzi ni ya kupotezea muda kwenye basi la stendi ya Msamvu, Morogoro. Hili halihitaji jibu refu. Riwaya ya Vuta N'kuvute ni hadithi ya Yasmin na Denge kabla ya kuwa hadithi ya harakati za ukombozi Zanzibar, na hakuna anayeiita nyepesi. Aniceti Kitereza, mtu wa ukoo wa watawala wa Ukerewe, alimaliza mwaka 1945 kitabu kikubwa juu ya Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka, mume na mke wanaotafuta mtoto, na ndani ya ndoa hiyo moja akaweka kilimo, uganga, pombe, safari na adabu za kisiwa kizima. Aliandika kwa Kikerewe. Kiswahili chake kilichapwa mwaka 1980, na mwaka uliofuata mzee akafariki. Yeye alichagua watu wa kawaida ingawa alitoka jumba kubwa. Uchaguzi wake ulikuwa sahihi kwake, na hautufungi sisi. Ikiwa leo mswada kuhusu nyumba ya Simbamwene utafika kwa majaji wa Tuzo ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, wautafutie kasoro za kweli: kama mpwa aliyenyimwa urithi amepewa sauti, kama mtumwa wa mlangoni ana jina, kama mume anajua yuko kwenye mji wa nani, na kama mwandishi anaujua mto Ngerengere wakati wa masika. Ukianguka kwa hayo, na uanguke.